Filamu tisa zilizowania Oscar ya mwaka 2020: ipi ununue kwanza, na kwa diski ya aina gani

Tarehe 9 Februari 2020, katika ukumbi wa Dolby Theatre mjini Los Angeles, filamu tisa ziliwania tuzo ya Oscar ya Filamu Bora. Zote zilitoka mwaka 2019, na kwa maoni yangu ni mara chache orodha ya wateule huwa na kazi nyingi kiasi hicho zinazostahili kukaa kwenye rafu ya mpenzi wa filamu. Lakini si wote wenye uwezo wa kununua tisa kwa pamoja, na wala si lazima. Ndiyo maana nimezipanga hapa kwa kufuata swali moja tu: filamu hii, baada ya kuitazama mara ya kwanza, itakupa sababu ya kuitoa kwenye kasha tena?

Mnunuzi anayehesabu idadi ya tuzo atapotea njia. Joker iliingia usiku ule ikiwa na uteuzi 11, mwingi kuliko filamu nyingine yoyote, ikatoka na tuzo mbili. The Irishman ilikuwa na uteuzi 10, ikatoka mikono mitupu. Jambo la kutazama ni aina ya tuzo iliyotolewa, kwa sababu aina hiyo ndiyo inayokueleza fedha yako uiweke wapi. Tuzo ya upigaji picha au ya sauti maana yake ni kwamba diski bora kabisa itakurudishia thamani yake, ilhali tuzo ya muswada, yaani maandishi ya filamu, inakuambia kwamba diski ya kawaida inatosha, maana maneno hayapungui uzito kwenye kioo kidogo.

Kabla ya kufika kwenye filamu zenyewe, inafaa kuelewa kinachouzwa. DVD hubeba picha yenye mistari 480 au 576, Blu-ray mistari 1080, na diski ya 4K mistari 2160, pamoja na teknolojia ya HDR ambayo huongeza upana kati ya giza na mwanga. Kwa macho yangu, HDR ni muhimu kuliko hiyo mistari. Diski ya 4K inahitaji deki yake maalumu. Deki ya Blu-ray haiwezi kuisoma, ingawa deki ya 4K husoma Blu-ray na DVD bila shida. Kisha kuna suala la kanda, yaani maeneo ya dunia ambako diski inaruhusiwa kuchezwa, ambalo limewaumiza wengi, nami nikiwamo: niliwahi kuagiza diski ya Blu-ray kutoka ng'ambo, nikasubiri wiki kadhaa, nikaiingiza kwenye deki na kioo kikaandika kwamba diski hiyo haikubaliki katika kanda hii. Muuzaji hakuwa ameitaja kanda mahali popote, nami sikuuliza. Blu-ray za Marekani huwa kanda A, za Ulaya na Afrika kanda B, na alama hiyo huchapwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha. Diski za 4K hazina kanda kabisa, jambo ambalo peke yake ni sababu nzuri ya kuzipendelea pale zinapopatikana.

Ununuzi wa kidijitali ni rahisi na hauchukui nafasi, lakini kitufe kinachosema "nunua" mara nyingi hukupa leseni ya kutazama, na leseni hiyo inaweza kuondolewa siku muuzaji atakapopoteza haki za filamu. Kwa kazi unayotaka ikae nawe miaka mingi, diski bado haina mpinzani.

Nafasi ya kwanza ni Parasite, ya mwongozaji Bong Joon-ho kutoka Korea Kusini. Ilikuwa na uteuzi sita, ikashinda nne: Filamu Bora, Mwongozaji Bora, Muswada Bora wa Asili na Filamu Bora ya Kimataifa. Ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya lugha ya Kiingereza kutwaa tuzo ya Filamu Bora tangu Oscar zianze, na miezi kadhaa kabla ilikuwa imeshatwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Naiweka juu kwa sababu imejengwa kwa ajili ya kutazamwa mara ya pili. Nyumba ya kifahari inayoonekana humo ilijengwa kwa ajili ya filamu, na mtaa wa maskini ulijengwa ndani ya bwawa ili uweze kufurika. Ukiirudia, tazama taa za ngazini baba mwenye nyumba anaporudi kutoka kazini. Mara ya kwanza ni taa tu, mara ya pili utashindwa kukaa kwenye kiti. Tazama pia ule usiku wa mvua, baba wa familia maskini na watoto wake wawili wanapokimbia kutoka kwenye jumba la kilimani. Kamera haifanyi haraka. Wanashuka ngazi, wanavuka barabara, wanashuka ngazi nyingine, na maji yanateremka pamoja nao, hadi wanafika kwenye chumba chao kilicho nusu chini ya ardhi na kukuta maji yamewatangulia. Binti anapanda juu ya choo kinachotapika maji machafu, anakifunika, anakikalia na kuwasha sigara. Hakuna neno linalosemwa, na huhitaji kuelezwa chochote kuhusu tofauti ya walio juu na walio chini.

Toleo ninalolishauri ni lile la kampuni ya Criterion lenye diski mbili, kwa sababu ndani yake kuna pia toleo la nyeusi na nyeupe ambalo Bong mwenyewe aliliandaa. Wengine huona toleo hilo kama pambo tu; mimi nimelipenda, kwani rangi zikiondoka unabaki na nyuso na kuta. Kumbuka kwamba toleo la Marekani ni la kanda A. Na jambo la mwisho kuhusu filamu hii, ambalo halihusu mashine: nunua nakala halali yenye manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yaliyotengenezwa kwa uangalifu. Manukuu yake ya Kiingereza yaliandikwa na Darcy Paquet, ambaye alipofika kwenye chakula cha Kikorea cha tambi za aina mbili zilizochanganywa, aliunda jina jipya kabisa, "ram-don", ili mtazamaji asiyeijua Korea asipotee katikati ya tukio linalokwenda mbio. Kazi ya namna hiyo haipo kwenye nakala za kudurufu, na bila hiyo nusu ya ucheshi wa filamu huanguka chini.

Ya pili ni 1917 ya Sam Mendes, na hapa nasema bila kusita: inunue kwa 4K, au subiri mpaka uwe na deki ya 4K. Tuzo zake tatu ni za upigaji picha, uchanganyaji wa sauti na athari za picha, yaani mambo yaleyale ambayo diski hubeba na nakala dhaifu huyapoteza. Roger Deakins alipata Oscar yake ya pili kwa kazi hii, ambayo imeunganishwa ili ionekane kama mwendo mmoja wa kamera inayowafuata askari wawili wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kuna sehemu ambapo askari mmoja anapita usiku katika kijiji kilichobomolewa, na mwanga pekee ni wa fataki za kijeshi zinazorushwa angani na kuanguka polepole. Kila fataki inaposhuka, vivuli vya kuta zilizovunjika hukimbia ardhini, hujikunja na kupotea, kisha giza hurudi hadi nyingine irushwe. Kwenye DVD giza hilo hugeuka kuwa ukungu wa kijivu wenye vipande vya mraba. Kwenye 4K, giza ni giza, na unaona ukingo wa kila tofali. Kama una spika za kuzunguka chumba au hata sabufa moja nzuri, tukio la panya anayekanyaga waya wa bomu ndani ya handaki litakuonyesha kwa nini wapiga kura waliitunuku sauti yake.

Ya tatu ni Ford v Ferrari, iliyoongozwa na James Mangold. Angalizo la kwanza ni la jina: huko Uingereza na katika nchi kadhaa za Ulaya filamu hiyohiyo iliuzwa kwa jina la Le Mans '66, kwa hiyo usije ukanunua zote mbili ukidhani ni kazi tofauti. Ilishinda uhariri na uhariri wa sauti, na huo ulikuwa mwaka wa mwisho kwa Akademi, inayotoa Oscar, kutoa tuzo mbili tofauti za sauti kabla ya kuziunganisha kuwa moja. Watu huinunua kwa sababu ya mbio za magari, nami sina ugomvi nao, lakini tukio ninalolirudia ni lile la Henry Ford wa Pili, mkuu wa kampuni ya magari ya Ford, anapopakiwa ndani ya gari la mashindano na Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari hayo. Gari linaunguruma, linageuka, linasimama ghafla, na yule tajiri mkubwa anaanza kutoa sauti ambayo kwa sekunde kadhaa hujui kama ni kicheko au kilio. Ni kilio. Diski ya 4K ndiyo chaguo sahihi, na kwa kuwa haina damu nyingi wala matukio ya faragha, inafaa kutazamwa na vijana wa nyumbani kuliko nyingi za orodha hii.

Little Women ya Greta Gerwig naipa nafasi ya nne, na najua wapo watakaoona nimeipandisha mno. Tuzo yake ilikuwa moja tu, ya mavazi, aliyoipata Jacqueline Durran. Hata hivyo ni filamu ambayo wengi huielewa vizuri zaidi mara ya pili, kwa sababu hadithi huruka kati ya nyakati mbili bila kutangaza. Ufunguo ni rangi: utoto wa akina dada wale wanne una mwanga wa dhahabu, na utu uzima wao una ubaridi wa buluu. Ukishalijua hilo, filamu nzima hufunguka. Blu-ray inatosha. Soma mwaka kwenye kasha kabla ya kulipa, kwani riwaya iliyozaa filamu hii imetengenezewa filamu mara nyingi, zikiwamo za 1933, 1949 na 1994, na makasha huchanganyikana kwa urahisi.

The Irishman na Marriage Story nazitaja pamoja, katika nafasi ya tano na ya saba, kwa kuwa zote mbili ni za Netflix. Usajili ukikoma, nazo huondoka, na ndiyo sababu matoleo ya diski ya Criterion yana maana ya pekee kwa anayezipenda. The Irishman, ya Martin Scorsese, ina dakika 209, na ukiwa na diski unaweza kuigawa katika jioni mbili bila kuiharibu. Nguvu yake yote iko katika saa ya mwisho, wakati mzee aliyeua wengi anabaki peke yake na dawa zake. Kutoshinda hata tuzo moja hakukupunguza chochote ndani yake. Marriage Story ilimpa Laura Dern tuzo ya mwigizaji msaidizi. Ni nzuri mno, na ni nzito mno. Jiulize kwa uaminifu kama utataka kuutazama tena ule ugomvi wa mume na mke katika nyumba tupu, kisha uamue.

Kati yao, nafasi ya sita, ni Once Upon a Time in Hollywood ya Quentin Tarantino, iliyompa Brad Pitt Oscar yake ya kwanza ya uigizaji na kushinda pia usanifu wa mandhari. Los Angeles ya mwaka 1969 iliyorudishwa hapo, pamoja na ile dakika ambayo mabango ya taa yanawaka moja baada ya jingine jioni inapoingia, ni sababu tosha ya kuchagua 4K. Dakika zake za mwisho zina ukatili ambao si wa watoto.

Jojo Rabbit ni ya nane. Taika Waititi alishinda tuzo ya muswada uliotokana na kitabu, na kama nilivyosema, filamu ya muswada haidai diski ya gharama. Inunue kwa namna yoyote iliyo karibu nawe, na utakapoitazama, angalia viatu vya mama tangu mwanzo.

Joker inakuja ya tisa. Joaquin Phoenix alistahili tuzo yake ya mwigizaji bora, na Hildur Guðnadóttir alistahili ya muziki hata zaidi; sello yake, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, ndiyo inayobeba filamu pale hadithi inapojirudia. Lakini nilipoitazama tena sikukuta jambo ambalo sikuwa nimeliona mwanzoni, na hicho ndicho kipimo nilichokichagua. Ikodi usiku mmoja. Ukiona kwamba kilichokushika ni ile dansi ya taratibu ndani ya choo cha umma, sello ikiwa chini kabisa, basi nunua albamu ya muziki wake, ambayo huuzwa peke yake.