Mapitio: Kanzidata ya Retraction Watch, kutoka meza ya mkutubi

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiitumia kanzidata ya Retraction Watch karibu kila siku katika maktaba ya chuo cha afya ninakofanyia kazi hapa Tanzania, na naandika mapitio haya kwa sababu wengi wa wanafunzi na wahadhiri ninaowahudumia hawajapata kuisikia. Ni orodha ya makala za kitaaluma zilizobatilishwa, yaani zile ambazo zimetangazwa rasmi kuwa hazifai tena kutegemewa. Walioianzisha ni Ivan Oransky na Adam Marcus wa Marekani, ambao walianza kufuatilia jambo hili mwaka 2010. Mwaka 2023 Crossref, shirika linalosajili namba za utambulisho za makala za kitaaluma, liliinunua na kuifungua kwa watu wote bila malipo, ikiwa tayari na zaidi ya makala 40,000.

Thamani yake niliiona siku mwanafunzi mmoja wa uzamili, anayesomea udaktari wa usingizi, aliponiletea tasnifu yake kuhusu dripu wanazopewa wagonjwa mahututi ili nimpangie marejeo. Nilipoandika jina la Joachim Boldt, daktari wa Ujerumani aliyetajwa mara mbili katika sura ya pili, kioo kilijaa safu baada ya safu: jina la makala, jarida, tarehe ya kuchapishwa, tarehe ya kubatilishwa, na sababu. Makala zake zipatazo 90 zilibatilishwa mwaka 2011 kwa kuwa hazikuwa na idhini ya kamati ya maadili, na nyingine ziliendelea kuongezeka baadaye. Mwanafunzi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wagonjwa waliodhurika walihesabiwa.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Boldt alikuwa mtetezi mkubwa wa dripu za wanga zilizotengenezwa kiwandani. Mwaka 2013 JAMA, jarida la tiba la Marekani, lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizohusu dripu hizo, na wachambuzi walipoziweka kando tafiti 7 za daktari huyo, ilibainika kwamba dripu hizo ziliambatana na ongezeko la vifo na la figo kushindwa kufanya kazi. Makala ya tiba hufika kitandani kwa mgonjwa ambaye hatalisoma jarida hilo kamwe, na kwa hiyo mwandishi na mhariri wana deni kwake hata baada ya makala kutoka.

Katika matumizi, huduma hii ni nyepesi. Faili zima hupakuliwa likatumika hata intaneti inapokatika, jambo ambalo kwetu si dogo, na anayetumia programu ya Zotero kupanga marejeo hupata onyo jekundu lenyewe pale makala iliyobatilishwa inapoingia kwenye orodha yake. Kasoro zipo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na sababu za kubatilisha zimefupishwa mno, kiasi kwamba mara nyingi nalazimika kulifuata tangazo la jarida lenyewe ili nijue kama lilikuwa kosa la bahati mbaya au udanganyifu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mtafiti mwaminifu aliyegundua kosa lake na kuomba makala yake iondolewe anastahili heshima.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, haiko mikononi mwa waliounda kanzidata. Haiwezi kuonyesha kisichobatilishwa. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyochunguza watoto 12 tu na kueneza hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji, ilibatilishwa na jarida la tiba la The Lancet mwaka 2010. Kwa miaka 12 orodha kama hii isingekuwa na cha kumwonya mtu. Jarida hilohilo lilihitaji siku 13 tu mwaka 2020, kuanzia Mei 22 hadi Juni 4, kuiondoa makala kuhusu matumizi ya dawa ya malaria, haidroksiklorokwini, kwa wagonjwa wa korona, iliyodai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka kampuni ya Surgisphere. Waliohoji data zile walibaini kwamba, kwa hesabu za makala hiyo, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa Afrika wangekuwa wametibiwa katika hospitali zenye kumbukumbu za kina za kompyuta. Yeyote aliyewahi kusimama katika masijala zetu, akatafuta faili la karatasi lililofungwa kwa kamba, angeliuliza swali hilo kabla makala haijachapwa.

Kisha kuna majarida yanayopokea ada ya mwandishi na kuchapisha chochote bila uhakiki. Hayo kwa kawaida hayabatilishi, kwa kuwa mara nyingi hakuna mhariri wa kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo huwa nawaambia wanafunzi kwamba jina kukosekana katika kanzidata hii si cheti cha usafi, na kwamba bado wanapaswa kusoma sehemu ya mbinu za utafiti na kuitafuta kauli ya idhini ya maadili kwa macho yao wenyewe.

Pamoja na hayo, naipa nyota nne kati ya tano, na ningependa kila msimamizi wa tasnifu aitumie kabla ya kutia saini. Mwanafunzi yule aliiandika upya sura ya pili kwa wiki tatu. Boldt bado yumo, katika aya moja, na mwaka wa kubatilishwa kwa kila makala umeandikwa kando yake.