Malwina, stroberi inayoiva wenzake wakishamaliza

Kama unaishi huku kwenye baridi na nyuma ya nyumba una nafasi ya tuta moja tu, panda Malwina. Naanza na hukumu kwa sababu najua wengi mtasoma hapa juu kisha mwende kuagiza miche, na mkifanya hivyo hamtajuta. Lakini stroberi hii ina tabia zake, na nyingine muuzaji hazisemi, kwa hiyo mwenye nafasi tuendelee pamoja.

Mimi ni dereva wa basi Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Bustani yetu ni ndogo, inapata jua kuanzia saa tano asubuhi hadi jioni, na udongo wake ni mfinyanzi mzito: mvua ikinyesha unashika maji, jua likiwaka unapasuka. Nimekulia Lushoto, kwenye plamu na pichesi, ambako mtoto anakula tunda lililoivia mtini. Ndiyo maana stroberi za supamaketi hazijawahi kunipendeza. Huchumwa mapema ili zivumilie safari na siku za kukaa dukani, na stroberi haiongezi utamu ikishachumwa. Rangi itazidi kuwa nyekundu ndani ya kikasha, ila sukari ni ile ile iliyotoka nayo shambani. Anayetaka kujua stroberi ina ladha gani hana budi kuiotesha mwenyewe, au awe na rafiki mwenye bustani.

Malwina ni aina ya Kijerumani, kazi ya mzalishaji wa mimea Peter Stoppel. Sifa yake kubwa ni kuchelewa. Aina zilizozoeleka huku, kama Honeoye ya Marekani au Elsanta ya Uholanzi, huiva mwezi wa Juni, na Julai ikianza zinakuwa zimekata pumzi. Hapo ndipo Malwina inapoamka. Kwangu mimi tunda la kwanza huwa tayari wiki ya kwanza ya Julai ikishapita, mavuno yanapamba moto katikati ya mwezi, na tunaendelea kuchuma mpaka Agosti inapoingia. Kwa mwenye watoto hili si jambo dogo, kwa sababu shule za hapa hufungwa kuelekea mwisho wa Julai. Wanangu wanaamka likizo stroberi ziko nje zinawasubiri.

Kuchelewa kuiva kunaanzia kwenye kuchelewa kuchanua, na faida yake kwa sisi wa kaskazini ni kubwa. Leeds jalidi inaweza kuanguka hata mwezi wa Mei. Ikilikuta ua la stroberi limefunguka, kile kitovu cha manjano katikati kinageuka cheusi, na ua lile halitoi tunda tena, hata kama petali zake zimebaki nyeupe na nzuri. Wenye aina za mapema hukesha wakifunika matuta kwa vitambaa. Malwina huchanua Mei ikielekea ukingoni, baridi ya namna hiyo ikiwa imeshapungua, na maua yake hukaa chini ya majani, yamejificha. Mimi jioni za Mei nalala bila wasiwasi.

Sasa ladha. Hapa nasema bila kupunguza: ni stroberi bora kuliko zote nilizokula tangu nifike nchi hii. Ina utamu mzito na harufu inayojaza chumba, na ndani ni nyekundu hadi katikati, si ule weupe unaoukuta kwenye tunda la dukani. Ukichemsha jamu, rangi haififii. Lakini utamu huo una sharti moja, nalo ni kusubiri. Malwina ikishakuwa nyekundu ya kawaida, ile ambayo kwa aina nyingine ungesema tayari, bado ina uchachu. Iache. Itaingia wekundu wa kukoza, kisha itakaribia weusi, kama maji ya rosela yaliyochemshwa yakachemka. Hapo ndipo uichume. Mama mmoja jirani yetu, Mwingereza wa makamo aliyelima bustani maisha yake yote, alipoziona mara ya kwanza alidhani zimeoza. Nikamwekea chache kwenye bakuli, akarudi kuuliza miche naipata wapi.

Rangi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya isipendwe sana na wauzaji wa jumla. Mnunuzi wa dukani anataka wekundu unaong'aa, na Malwina huzidi kukolea hata baada ya kuchumwa. Tena ukishaiacha iive kama nilivyoeleza inakuwa laini, na haikai kwenye friji zaidi ya siku moja au mbili kabla ya kuanza kutoa maji. Kama nia yako ni kuuza, au kumpelekea shemeji aliye London kwa treni, tafuta aina nyingine. Hii ni stroberi ya kuliwa pale pale ilipoota.

Kuhusu kununua na kupanda. Miche huuzwa kwa namna mbili: iliyo kwenye vikopo vya udongo, na ile ya mizizi mitupu inayokuja imefungwa kwenye mfuko. Mizizi mitupu ni rahisi zaidi. Mimi nililipa karibu pauni 14 kwa miche 12, na inatosha familia. Ikifika, iloweke kwenye maji kwa muda mfupi, kisha chimba shimo refu la kutosha mizizi ishuke wima bila kukunjwa. Pale shina linapokutana na mizizi, ule moyo wa mche, pawe usawa wa udongo kabisa. Ukiufukia unaoza, ukiuacha juu mizizi inakauka. Malwina hutanuka na kuwa na majani mengi, kwa hiyo acha sentimita 45 kati ya mche na mche. Usipande mahali palipolimwa viazi au nyanya mwaka uliopita, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko unaozipata unaishi udongoni na hushambulia stroberi pia. Kwenye mfinyanzi kama wangu, inua tuta na uchanganye mboji ya kutosha. Mizizi ya stroberi haitaki kukaa kwenye maji wakati wa baridi.

Wakati wa kupanda ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe. Miche iliyotunzwa kwenye baridi ghalani ukiipanda Mei inaweza kukupa matunda kidogo baada ya miezi miwili hivi, watoto wataonja, basi. Mavuno kamili ni ya mwaka unaofuata. Ukipanda Julai au Agosti, mche unapata muda wa kushika ardhi kabla ya baridi, na kiangazi kinachofuata utahitaji mabakuli. Sababu ni kwamba stroberi za aina hii hutengeneza vichipukizi vya maua wakati wa vuli, siku zinapofupika na hewa inapopoa. Mazao ya Julai ijayo yanaamuliwa Septemba ya mwaka huu, ndani ya moyo wa mche, wewe ukidhani kazi imekwisha.

Kwa hiyo usiitelekeze baada ya kuchuma. Watu wengi hufyeka majani yote mavuno yakiisha, na kwa aina za Juni ni sawa, zina kiangazi kizima cha kuotesha mengine. Malwina humaliza Agosti. Ukiinyoa yote inaingia vuli haina majani ya kulisha hivyo vichipukizi. Mimi naondoa majani yaliyozeeka na yenye madoa tu, nakata yale matawi yanayotambaa kutafuta pa kuotea, naweka mboji kuzunguka mche bila kugusa moyo, na naendelea kumwagilia wakati majirani wameshakunja mipira yao ya maji. Tofauti inaonekana wazi mwaka unaofuata. Na maua yakianza, kila wiki naipa mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi.

Ubaya wake upo, tena unatokana na uchelewaji huo huo. Tunda linaloiva Julai na Agosti linakutana na kila mdudu aliyekuwa anazaliana tangu masika. Mbaya kuliko wote ni Drosophila suzukii, nzi mdogo mwenye asili ya Asia aliyegunduliwa Uingereza mwaka 2012. Nzi wa kawaida wa matunda hufuata tunda lililopasuka au kuoza. Huyu jike lake lina msumeno wa kutobolea tunda zima linaloiva na kutaga mayai ndani. Anapokuja, wa Juni wameshakula zao. Dawa yangu si ya kupuliza. Nachuma kila siku au siku moja baada ya nyingine, siachi tunda lililoiva kupita kiasi kwenye mche wala chini, na nilichochuma kinaingia kwenye friji mara moja. Wavu wenye matundu madogo sana unamzuia, ila usiuweke kabla maua hayajachavushwa, maana nyuki nao watabaki nje. Kuna thripsi pia, wanaofyonza maua na kuacha tunda lina ngozi ya kahawia isiyong'aa. Wanapenda hali ya joto na ukavu, kwa hiyo maji ya kutosha hupunguza balaa lao.

Ndege ni wale wale wa kila mwaka, na wavu wa kawaida unatosha. Konokono wasio na gamba wanapenda udongo wa Leeds kuliko mimi. Mabua makavu ya ngano chini ya matunda yanasaidia, na yanazuia tope lisirukie tunda mvua ikipiga.

Halafu jua. Julai 2022, joto la Uingereza lilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu lianze kupimwa, matunda ya upande wa kusini mwa tuta langu yaliiva kwa kupikwa, laini na meupe upande mmoja. Aina za Juni hazikuyaona hayo, zilikuwa zimeshachumwa. Tangu hapo natunza pazia jepesi la zamani la kutandaza juu ya vijiti siku za joto kali. Mchana tu, jioni naliondoa.

Nimepanda pia Florence, aina ya Kiingereza kutoka East Malling, Kent, nayo ni ya mwisho wa msimu ingawa humtangulia Malwina. Ni mche mgumu, una afya, unazaa vizuri, na tunda lake linavumilia kukaa zaidi. Kwa ladha naiweka nafasi ya pili, bila kuidharau hata kidogo. Mwenye nafasi ya mistari miwili apande zote mbili. Florence itamfungulia mlango, Malwina itampokea.

Ndugu wa nyumbani huwa wananiuliza niwaletee miche. Jibu ni hapana, na si kwa uchoyo wala kwa sababu ya sheria za kusafirisha mimea peke yake. Malwina inahitaji majira. Inasubiri baridi ya miezi kadhaa ili iamke na nguvu. Lushoto hakuna kipupwe cha namna hiyo. Huenda ikabaki inashangaa, isizae vizuri. Aliye kwenye nyanda za juu, iwe Usambara au Limuru, atafute miche safi ya Chandler, aina ya Chuo Kikuu cha California ambayo wakulima wengi wa Kenya wameizoea, na aipande palipo na ubaridi na maji ya uhakika. Huko hakuna mwanzo wala mwisho wa msimu kama huku, na hiyo ni neema yenu.

Tahadhari ya mwisho ni ya ununuzi. Duka moja la mtandaoni liliwahi kuniuzia miche yenye jina la Malwina ambayo haikuwa Malwina. Nilijua Juni, ilipotoa matunda mepesi ya rangi ya chungwa wakati tuta langu la zamani bado lilikuwa na maua. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia. Ikichanua mwanzoni mwa Mei pamoja na stroberi za jirani, umeuziwa nyingine. Piga picha yenye tarehe na udai fedha zako. Mimi nilirudishiwa bila ubishi.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeishikilia kwa ajili ya yule nzi na kwa jinsi tunda lisivyokaa. Ukitaka kuvuna kwa uzito mwakani, agiza sasa miche ya kupandwa Agosti, kwa sababu wauzaji wazuri huishiwa mapema, na tayarisha tuta kabla mfuko haujafika mlangoni. Mizizi mitupu haisubiri.