Raia wa Marekani arudipo kwao: Mjerumani na Mfaransa

Mwishoni mwa karne ya 19, wahamiaji wawili wenye uraia wa Marekani wanataka kwenda kuwaona wazazi. Wote waliondoka kwao vijana, kabla ya kutumikia jeshi. Je, nani asafiri?

Mzaliwa wa Prussia, dola kubwa ya Ujerumani, ana pa kushika. Mkataba wa 22 Februari 1868, uliojadiliwa na balozi wa Marekani, George Bancroft, mjini Berlin, ulisema aliyeishi Marekani miaka 5 mfululizo na kupata uraia atambuliwe kuwa Mmarekani. Lakini usomwe mpaka mwisho. Kosa lililotendwa kabla ya kuhama bado lingeweza kumfikisha mahakamani. Na akikaa kwao zaidi ya miaka 2, angeweza kuhesabiwa kuwa hana nia ya kurudi Marekani, na kinga ikapotea. Wengine walifukuzwa nchini hata kabla ya hapo, jambo ambalo naliona ni ukatili kwa mtu aliyekuja kuuguza mzazi.

Mfaransa hakuwa na mkataba wa namna hiyo. Sheria ya 1889 ilimtaka anayedaiwa utumishi wa jeshi apate kwanza kibali cha serikali yake; asipokipata, uraia wa kigeni haukumvua uraia wa Ufaransa. Pasipoti ya Marekani haikumzuia askari kumkamata bandarini.

Kwa hiyo Mjerumani ningemwambia aende, akae muda mfupi, tarehe zake azitunze. Mfaransa ningemsihi wazazi ndio wapande meli.