Mrejesho: wakala aliyetusafirishia mbwa kutoka Dar mpaka Ujerumani

Jamani niliahidi nikishafika nitaleta mrejesho, nimefika, Chui nae kafika, kalala hapa miguuni kwangu.

Chui ni mbwa wa kienyeji, tulimuokota Tabata akiwa kadogo, sasa ana miaka 4. Mume wangu alipopata kazi Ujerumani mi nilijua mbwa ni chanjo na tiketi basi. Kuna klinik nilienda mwanzo (sio hawa wakala) wakamdunga chanjo ya kichaa cha mbwa, wiki mbili baadae ndo wakamuwekea chipu (kile kidude kidogo cha chini ya ngozi chenye namba yake). Nikawapelekea wakala zile karatasi, yule dada anayepokea wateja akaziangalia kidogo tu akasema dada yangu, hii chanjo Ulaya haihesabiki, chipu inatangulia au inawekwa siku hiyohiyo ndo sindano ifuate, maana bila ile namba ya tarakimu 15 hakuna anayejua aliyechanjwa ni mbwa gani. Nililia pale ofisini sifichi.

Akanipigia hesabu palepale. Chanjo upya tarehe 10 mwezi wa 2. Zipite siku 30 ndo atolewe damu ipimwe kinga, tukatoa tarehe 13 mwezi wa 3 ikapelekwa maabara Afrika Kusini iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Kiwango lazima kifike 0.5, Chui alipata 3.2, nilimkumbatia daktari. Halafu kuna miezi 3 ya kusubiri, inahesabiwa toka siku ya kutoa damu sio siku majibu yametoka, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo kwahiyo hakuna njia ya mkato. Wakala mwingine alishaniambia kwa simu anamaliza kila kitu wiki tatu. Hawa walinipa tarehe chungu lakini ya kweli, na hapo ndo nawapa nyota zote. Mbwa akifika karatasi hazijakaa sawa anarudishwa alikotoka, au anawekwa karantini kwa gharama yako, na ikishindikana kabisa anaweza hata kuuawa. Mi nisingeweza kuishi na hilo.

Kuna ndugu waliniambia hayo ni manyanyaso ya wazungu tu. Sikubali. Nikiwa darasa la 5 jirani yetu kijijini aliumwa na mbwa akapuuza, baadae akawa anaona maji kwenye kikombe tu koo linabana anapiga kelele, siku chache akafariki. Ugonjwa huu wa kichaa cha mbwa dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, kwahiyo nchi iliyoufuta kwa mbwa wake kwa miaka mingi ina haki ya kuogopa.

Kingine kizuri, walikuja nyumbani wakampima Chui toka puani mpaka mzizi wa mkia na toka chini mpaka ncha ya masikio ndo wakaleta kreti (sanduku la kusafiria), maana lazima asimame na kugeuka humo ndani, wakasema alale humo wiki mbili kabla azoee. Cheti cha afya kilisainiwa na daktari wa serikali tarehe 14 mwezi wa 6, kinatumika siku 10 tu kuingilia Ulaya, tukapaa tarehe 17. Mume alishatangulia, ila mi nilisafiri na Chui sababu mwenye mbwa akipishana nae zaidi ya siku 5 anahesabiwa kama mzigo wa biashara na masharti yanabadilika. Frankfurt walisoma chipu, wakalinganisha na karatasi, tukatoka. Hakuna karantini hata siku moja.

Mabaya: hela ya kutuma damu Afrika Kusini hawakuiweka kwenye bei ya mwanzo, niliambiwa daktari ameshashika sindano, hiyo sikuipenda kabisa. Na wiki ya mwisho meseji unatuma asubuhi unajibiwa usiku, mtu roho iko juu. Warekebishe.

Nyota 4. Chanjo yake sasa naiendeleza bila kuchelewa hata siku moja maana ikipitiliza kile kipimo cha damu kinakufa unaanza upya, na nimeshamtengenezea pasi ya Ulaya kipimo kimeandikwa humo, tukija likizo Dar tukarudi hatusubiri tena miezi 3. Aliyeniuliza inbox kuhusu paka wake, masharti ni hayohayo, anza na chipu.