Shazia iliyopinda kwa zulia la mkono: sindano safi, uzi hafifu

Pakiti hii nimeinunua kwenye duka la vifaa vya kushonea, Biashara Street, Mombasa: shazia (sindano kubwa) mbili zilizopinda, kipande cha nta na kidonge cha uzi wa pamba. Zulia la sufu la marehemu bibi, lililofumwa kwa mkono, lilikuwa limekatika matamvua upande mmoja na mafundo yameanza kufumuka.

Sifa zote ziende kwa ule mpindo wa shazia. Zulia linabaki sakafuni. Sindano inazama nyuma ya safu ya pili ya mshindio (nyuzi za kukingama), inaibuka kati ya nyuzi za mtande (zile za urefu), wala huhitaji kupitisha mkono chini. Funga mtande kwa mafungu madogo na uvute kwa kiasi, maana ukikaza mno ukingo unajikunja. Uzi upitishe kwenye nta kwanza, utateleza vizuri bila kukwaruza sufu.

Uzi wenyewe sikuupenda. Ni mwembamba na unakatika ovyo, ikabidi nitafute mwingine mzito. Halafu maelezo ya pakiti yanashauri kupaka gundi nyuma. Jamani, msipake! Gundi ikikauka inakakamaa, zulia linavunjika penye mkunjo, na fundi atakayelishika baadaye atapata taabu kuibandua.

Tundu la katikati lililoliwa na nondo mpelekeeni fundi. Kwa kingo na matamvua, pakiti hii nitainunua tena, uzi nitatafuta kwingine.