Skauti likizo ya mwezi wa sita hapa Mtwara, uzoefu wangu kama mzazi

Naona wazazi wengi wanaulizana kuhusu hizi skauti za likizo, wengine wanaogopa, wengine wanasema hela ya bure, basi mi naandika nilichokiona kwa binti yangu wa darasa la sita ambaye likizo hii ya mwezi wa sita nilimuandikisha kwenye kundi moja hapa Mtwara mjini. Jina la kundi silitaji, maana kuna mambo ntayasema huko chini sio mazuri na hawa watu tunakutana kila siku sokoni Chikongola.

Jibu la haraka kwa asiye na muda wa kusoma: mpeleke mtoto. Ila ujue ndani ya kundi hilohilo kuna skauti mbili, skauti ya siku za kawaida na skauti ya siku ya mgeni rasmi, na yenye faida ni hiyo ya kwanza.

Gharama nilitoa elfu arobaini, humo chakula cha kambini, nauli ya pantoni na mahema. Sare ni mbali. Watakwambia kuna mtu wao anauza seti nzima, mi nilinunua skafu tu kwake, shati na sketi ya kaki nikampelekea fundi wa mtaani na imetoka nzuri kushinda zile za dukani. Alafu swali la wengi, wasichana wanaruhusiwa? Ndiyo wanaruhusiwa, wengi wanachanganya na Girl Guides ambacho ni chama kingine kabisa cha wasichana peke yao. Kambini mahema ya wasichana yalikuwa upande wao na matroni analala hapohapo, hilo nilihakikisha kwa macho kabla sijamwacha mtoto.

Kitu kimoja cha huku kwetu, mwezi wa sita ndo msimu wa jando na unyago, kwa hiyo wavulana walikuwa wachache kuliko nilivyotegemea. Bibi wa jirani yetu aliniambia wazi kabisa skauti itasubiri, jando haisubiri. Sina ubishi na hilo ila kama una mtoto wa kiume panga mapema na wazee kabla hujalipa maana hela hairudi.

Sasa kambi yenyewe. Walivuka na pantoni kwenda Msangamkuu. Siku ya wazazi kutembelea nimefika nakuta viongozi wamekaa zao kivulini wanapiga stori, watoto wako jikoni moshi umewajaa machoni, mmoja anasonga ugali, mwingine anaparua dagaa, wengine wanabishana kuhusu chumvi, na mi mwanamke siwezi kuona sufuria inaelemea upande nikakaa kimya, nikainuka. Kiongozi akaniita, "Mama, kaa tu, mkubwa wao yupo." Huyo mkubwa wao ni katoto ka kidato cha pili! Kumbe ndo utaratibu wenyewe. Baden-Powell alipoanzisha hii kitu 1907 kule kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwagawa watoto kwenye vikosi vidogo na kila kikosi kikawa na mkubwa wake ambaye naye ni mtoto, na mpaka leo ndo inavyotakiwa, mtu mzima anafundisha alafu anakaa pembeni. Ugali ulikuwa na madonge. Walikula wote na hakuna aliyelalamika, wakati nyumbani huyu wangu akiona donge moja anasusa.

Walijenga chanja ya vyombo kwa miti na kamba za usumba, hakuna msumari hata mmoja, yaani nikaitikisa kwa nguvu zangu zote haikucheza. Binti akanieleza kamba inazungushwa kwenye miti inapokatana, alafu inapitishwa tena katikati ya miti yenyewe ili kuibana, ukisahau hiyo ya pili chanja inalegea ndani ya siku mbili. Sa hivi nyumbani kwangu kuna chanja nyuma ya jiko, na baba yake ambaye anaahidi kuijenga tangu tumehamia yuko kimya.

Lakini kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni mikoko. Walienda kupanda upande wa Mikindani na yule kiongozi hakuchagua siku kwa kuangalia kalenda, aliangalia mwezi. Alisubiri bamvua ndo maji yatoke mbali na tope libaki wazi, na watoto akawafundisha kwamba bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba maji kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo ukijua leo yanajaa saa ngapi unaweza kukadiria ya kesho. Mkoko wenyewe hauhitaji hata kuoteshwa kwenye kiriba, ile mbegu yake ndefu inachomekwa tu kwenye tope ncha chini. Nimezaliwa pwani hii hii, marehemu babu alikuwa mvuvi, na hesabu ya dakika sikuwahi kuisikia kwa mtu, nimeisikia kwa mtoto wa darasa la sita anakula muhogo. Waliporudi wakapitishwa kwenye lile boma la Wajerumani la 1895 wakaelezwa habari za Livingstone kuanzia safari yake hapo Mikindani 1866, ila hiyo inaonekana haikumuingia sana, yeye alikuwa na mikoko yake tu.

Usafi wa soko la samaki kule feri nao ulikuwa mzuri japo alirudi ananuka mpaka paka wananifuata mlangoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini vile vifuko laini vya kufungia karanga na ubuyu ndo walivyookota zaidi, pamoja na chupa za maji na vipande vya nyavu. Kilichonipendeza, kikosi chao ndo kilienda kuongea na wauza pweza kuomba wasogeze ndoo zao wafagie, na mkubwa wa kikosi akaanza na shikamoo mama mmoja mmoja, wale wamama wakasogeza wenyewe na wengine wakashika ufagio.

Haya, sasa mgeni rasmi. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inakumbuka wale wanafunzi wa Soweto 1976, na skauti ndo wanapanga gwaride. Wiki nzima kabla ya hapo hakuna tena kamba, hakuna kupika, ni kushoto kulia kushoto kulia kutwa. Tukaombwa mchango mwingine, eti maji na soda za meza kuu. Siku yenyewe watoto wamepangwa mstari tangu saa mbili asubuhi, mgeni kafika saa tano na kitu, turubai limefunikwa meza kuu tu, wawili wakadondoka kwa jua wakabebwa. Siku ya mtoto, mtoto yuko juani na mtu mzima yuko kivulini! Na wale viongozi ambao kambini walikuwa wanasema "waacheni watajua wenyewe" siku hiyo walikuwa wanamnyoosha kila mtoto skafu kwa mkono wao, hata risala aliyosoma yule mkubwa wa kikosi ilikuwa imeandikwa na mtu mzima, inasikika kabisa, mtoto gani anasema "tunatambua juhudi zenu zisizo na kifani".

Nilimwambia kiongozi. Sikupiga kelele, nilimwambia baada ya shughuli, mwalimu hawa watoto wangepewa kusema habari za mikoko kwa maneno yao mgeni angeondoka na kitu. Akacheka, akasema ratiba inatoka juu. Sawa.

Mengine madogo madogo. Meseji za grupu la wasap zinakuja saa nne usiku kwamba kesho saa kumi na mbili mtoto awe na ndoo na jembe, jembe natoa wapi saa nne usiku? Risiti ya mchango wa pili sijaiona mpaka leo. Upepo wa kusi usiku ni baridi kweli, khanga haitoshi, mpe blanketi zito na chandarua chake, za pale hazikutosha kwa wote.

Ya Desemba wameshaanza kuandikisha, safari hii wanasema Lindi, na Desemba ni mvua. Mahema mawili yalikuwa yanaingiza umande tu yakalowesha magodoro, mvua si ndo balaa. Nimeambiwa yako kwa fundi maturubai. Mi nimemwambia kiongozi hela natoa nikiyaona yamesimamishwa uwanjani na yamemwagiwa ndoo ya maji.