Uzoefu wangu na UDF za MySQL: tamu sana, ila faili la .so usiliguse likiwa kazini

Wakuu, hiki kitu nimekitumia miaka kama mitatu sasa na kila nikimsimulia mtu ananitazama kama namtania, kwamba unaweza ukaandika fanksheni yako mwenyewe kwa C, ukaikompaili ikawa faili la .so (maktaba ya kodi ambayo programu nyingine inaweza kuipakia kwenye Linux), ukaiambia seva ya MySQL, ile programu ya databesi, iipakie huku inaendelea kuhudumia watu bila kuzimwa, na hapo hapo ukaanza kuiita ndani ya SELECT, amri ya kusoma data, kama vile unaita CONCAT au ROUND zinazokuja nayo. Zamani ziliitwa UDF, yaani user-defined functions, kwenye maelezo yao ya siku hizi wamebadilisha, zinaitwa fanksheni za kupakiwa. Mie bado nasema UDF, mazoea yana tabu.

Kilichonipeleka huko ni majina ya watu. Nilikuwa na jedwali la wateja ambalo mtu mmoja yuko mara nne, Mohamed, Mohammed, Muhamed na Mohamedi, kila aliyekuwa anaingiza data kaandika alivyosikia. Nikasema hapa dawa yake ni Levenshtein, ile hesabu inayokwambia kutoka neno hili mpaka lile unabadilisha herufi ngapi, kumbe MySQL haina. Ina SOUNDEX, ya kulinganisha maneno kwa sauti, sawa, lakini hiyo imepimwa kwa matamshi ya Kiingereza, Hadija na Khadija inakwambia hawajuani kabisa kwa sababu mmoja anaanza na H mwingine na K, alafu Juma na Jemi inawapa wote J500, wameshakuwa ndugu wa damu.

Mwanzo nikaiandika kwa SQL yenyewe, fanksheni ya kawaida ya BEGIN na END yenye vitanzi viwili. Ilifanya kazi, siwezi kusema haikufanya, ila ukiiwasha kwenye jedwali zima unaenda kula, unarudi, unakuta bado inahesabu. Ile ile hesabu nilipoihamishia kwenye C ilikuwa inamaliza nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Hapo ndo nilipopenda.

Kuandika kwenyewe sio kugumu kama unavyodhani. Fanksheni yangu inaitwa levdist, kwa hiyo kwenye C unaandika levdist_init ambayo seva inaiita mara moja kabla ya kazi kuanza, levdist yenyewe inayoitwa kwa kila mstari, na levdist_deinit ya kusafisha mwishoni. Kwenye init ndo unakagua mtu kaleta vitu vingapi na vya aina gani, kama kakosea unaandika ujumbe kwenye bafa (nafasi ya memori) uliyopewa na unarudisha 1, na yeye anauona kama kosa la kawaida la SQL. Ukishamaliza:

gcc -shared -fPIC $(mysql_config --include) -o levdist.so levdist.c

unalipeleka faili kwenye folda ya plugin_dir, ambako seva inatafuta mafaili ya namna hii, unaijua iko wapi kwa SHOW VARIABLES LIKE 'plugin_dir', alafu

CREATE FUNCTION levdist RETURNS INTEGER SONAME 'levdist.so';

Basi. Seva inaandika kwenye jedwali la mysql.func kwamba kuna kitu kama hiki, na kila ikiwaka upya inaipakia yenyewe, isipokuwa ukiiwasha na --skip-grant-tables (bila kukagua ruhusa za watumiaji), hapo haipakii.

Makosa ya siku ya kwanza niliyapata yote. Kosa 1126, seva haioni faili, kwa sababu nililiacha kwenye folda yangu. Nikajaribu kuipa seva njia nzima ya faili, ikakataa, hairuhusu njia, inataka jina tu. Kosa 1127, faili imeliona ila fanksheni haioni ndani yake, kwa sababu nilikompaili kwa g++ ambayo inayabadilisha majina, hadi uweke extern "C". Na ukichukua mfano wa zamani mtandaoni utakuta umejaa my_bool, kuanzia MySQL 8.0 hiyo imeondolewa, andika bool.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana UDF haikai pembeni mwa seva, inakaa tumboni mwake. Kosa lako likitokea halikuui wewe, linamuua mysqld mzima, yaani seva yenyewe, na kila aliyekuwa ameunganishwa. Mie nilijifunza hilo kwa mteja mmoja asiye na jina, yaani safu ya jina ilikuwa NULL (haina kitu), na mie kwenye kodi yangu ya C nimeenda moja kwa moja strlen(args->args[0]), ya kupima urefu wa neno, bila kuuliza kama kuna kitu. Log ikaandika signal 11, yaani programu imegusa memori isiyotakiwa, seva ikaanguka, ikajiwasha upya, mtu akarudia ile kwiri (swali lake kwa databesi) maana aliona haijajibu, ikaanguka tena. Ofisi nzima inauliza mtandao umekuaje, mie niko kimya naangalia skrini.

Nikaweka ukaguzi wa NULL nikajua nimemaliza, kumbe hata hiyo strlen yenyewe haitakiwi kuwepo. Maneno yanayokuja kwenye UDF hayana ile sifuri ya mwisho ambayo C imezoea, urefu wake unaletwa pembeni kwenye args->lengths, na ukitumia strlen inaweza kusoma mpaka takataka za mbele. Nilikuwa napata Asha na Asha wanatofautiana herufi 6, mara nyingine 0, nikadhani nimerogwa. Na tena zinakuja kama baiti, sio herufi. Jina kama Nyang'oro, mmoja kaandika na alama ya kawaida ya kibodi, mwingine simu yake imeweka ile iliyopinda, kwenye utf8 ile iliyopinda ni baiti 3, kwa hiyo hesabu yangu ilisema tofauti ni 3 wakati kwa macho ni alama moja tu. Hiyo nimeitatua kwa kunyoosha alama zote kabla ya kulinganisha, sio usafi mkubwa ila inatosha.

Kuna na lile la thredi, yaani seva kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja ndani ya programu moja. Nilikuwa nimeweka orodha ya namba za hesabu kama static, inayotumiwa na wote, juu kabisa ya faili, kwenye majaribio peke yangu safi, watu wawili wakiita kwa pamoja majibu yanachanganyikana. Unatakiwa ukate memori kwenye init, uiweke kwenye initid->ptr, na uiachie kwenye deinit. Hili lilinichukua muda kuligundua kuliko yote kwa sababu halileti kosa lolote, linaleta tu jibu la uongo, na jibu la uongo kwenye data za watu ni baya kuliko seva kuanguka.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ya cp, amri ya kunakili faili. Asubuhi moja nimerekebisha mstari mmoja tu, nikakompaili, nikafanya cp levdist.so juu ya lile la zamani kwenye plugin_dir, seva ikiwa inaendelea. Kwa akili yangu nikasema nikimaliza ntafanya DROP (kuiondoa fanksheni) alafu CREATE. Sikufika. Lile faili seva ilikuwa imelifungua na kulitandaza kwenye memori yake, na cp haileti faili jipya, inaandika juu ya lile lile, kwa hiyo ni kama kumbadilishia mtu ngazi akiwa katikati anapanda. Aliyefuata kuita levdist, chali. Na hili limeandikwa wazi kwenye maelezo yao, kwamba DROP FUNCTION kwanza, badilisha faili, ndo CREATE FUNCTION, ukianza na faili seva inaweza kuzima. Mie sikusoma.

Na kama .so moja ina fanksheni tatu, ukidrop moja faili bado limeshikiliwa na zile mbili, hadi uzidrop zote. Siku hizi silipi tena jina lile lile, naweka levdist_2.so, levdist_3.so, la zamani nalifuta baadae kwa nafasi yangu.

Usalama nao usiupuuze. Anayetaka kufanya CREATE FUNCTION ya namna hii anahitaji ruhusa ya INSERT kwenye databesi ya mysql, hiyo usimpe mtumiaji wa programu yako hata akilia. Wezi wanaijua sana hii njia, akipata akaunti yenye ruhusa ya FILE (ya kuandika mafaili) na plugin_dir inaandikika, anadondosha .so yake kwa SELECT ... INTO DUMPFILE, anaisajili, na tayari ana fanksheni ya kuendesha amri za mfumo kwa jina la mtumiaji wa mysqld. Plugin_dir yangu mysqld anaisoma tu, haandiki, na kila mara napitisha SELECT * FROM mysql.func nione kama kuna mgeni.

Kero ndogo ndogo: huwezi kuiweka kwenye safu ya jedwali inayojihesabu yenyewe (generated column), inakataa. Bakapu ya databesi yako haiibebi, nilihamishia seva nyingine kila kitu kikaja ila kila ripoti inasema kosa 1305, eti fanksheni duka.levdist haipo, nikawa naitafuta ndani ya databesi ya duka wakati haijawahi kukaa humo. Na kama databesi yako ni ya kukodi wingu ambako huna mkono kwenye mafaili ya seva, sahau.

Kuna jamaa atasema nenda PostgreSQL, databesi nyingine, na kwa Levenshtein ana haki, kule kuna ekstensheni ya fuzzystrmatch unaiwasha tu. Kule pia .so lazima iwe na PG_MODULE_MAGIC ili seva ikague kama imejengwa kwa toleo lake, MySQL hamna ukaguzi wa hivyo, inakuamini tu. Ila hata kule kodi mbovu ya C ikiangusha muunganisho mmoja, seva inakata wengine wote ili ijisafishe, kwa hiyo usidhani umekimbia.

Mie nimebaki nazo mbili, levdist na nyingine ya kunyoosha namba za simu. Nilikuwa na ya tatu ya kuita huduma ya nje kwa HTTP kutoka ndani ya SELECT, ile huduma ikichelewa kila mstari unasubiri na miunganisho inajaa foleni, nimeidrop na .so yake nimeifuta. Nampa nyota 4, ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile asubuhi ya cp, najua kosa ni langu lakini bado nimenuna.